Pingamizi Juu ya Gari Lililoanza Kurudi Nyuma

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi wa Magari,
Mlango wa bluu, nyuma ya kituo cha mafuta.

YAH: KUPINGA MKWE WANGU KUPEWA CHETI CHA FUNDI

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu. Natumaini afya yako ni njema kuliko ilivyokuwa giaboksi yangu katika miaka saba uliyoihudumia.

Unanifahamu. Mimi ni karani mstaafu wa mahakama, mwenye lile gari la otomatiki la rangi ya maziwa, ambalo nyumbani kwetu tunaliita Shangazi kwa sababu halikubali jambo mpaka libembelezwe. Nimesoma tangazo mlilobandika mlangoni, kwamba Jumamosi wajumbe watakaa kuamua maombi ya cheti ya fundi mmoja mwanamke, na kwamba yeyote mwenye pingamizi aliandike na alitie kwenye sanduku la pingamizi kabla ya Ijumaa. Mimi ninalo. Karani wenu, dada mmoja makini sana, amenionyesha sanduku lenyewe ni lipi ili nisije nikakosea.

Niseme mapema, asije mtu akadai nimeficha: fundi huyo ni mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili. Najua pia anachoweza kupoteza. Mmeshamrudishia faili mara mbili, na kwa kanuni zenu anayekataliwa mara ya tatu haombi tena mpaka ipite miaka mitano. Maana yake ataendelea kufanya kazi palepale alipo, katika karakana ya mtu, ambako giaboksi anafungua yeye na sahihi anatia mwenye karakana. Chumba alichokipata kwa ajili ya karakana yake, ambacho ameshapaka chokaa na kupigilia mbao za kutundika spana, kitabaki na kufuli. Hayo yote nimeyapima. Nimekaa mahakamani miaka thelathini na moja nikiandika mashtaka ya watu, na sijawahi kupendelea mtu wa nyumbani kwangu. Muulizeni mke wangu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. ALIULIZA MASWALI.

Alifika kwangu Jumapili asubuhi akiwa na jeki, mfuko wa spana na daftari. Daftari, Ndugu Mwenyekiti! Mimi nimezoea fundi anayejiamini. Wewe ulikuwa unasimama hatua tatu kutoka kwenye gari, mikono nyuma, unainamisha kichwa kama unayesikiliza redio ya jirani, kisha unasema hali hiyo ni ya kawaida kwa umri wake. Nilikuwa narudi nyumbani na amani moyoni, ingawa nilikuwa narudi kwa miguu.

Huyu akataka kujua tatizo lilianza lini. Likiwa baridi au likishapata moto? Kuna matone chini linapolala? Nikitia gia ya kwenda mbele, inashika baada ya sekunde ngapi? Nilimjibu kwamba mimi sihesabu sekunde. Nikitia gia nafunga mkanda, nafuta miwani, nalumbana kidogo na mke wangu kuhusu alichosahau ndani, ndipo gari linaondoka. Akatazama saa yake, akaniomba nifanye hayo yote mbele yake, bila kuruka, akaandika: sekunde kumi na mbili. Akauliza habari za rivasi. Nikamwambia rivasi haipo. Akaandika: haipo. Nilihisi kama niko kizimbani, tena upande nisiouzoea.

2. ALISEMA HAJUI.

Nilimuuliza kama gari litapona. Mtu aliyekuja kutibu, amebeba jeki, akanijibu mbele ya mke wangu kwamba hajui, baba, mpaka afungue aone. Huenda mafuta mapya na filta vikasaidia, huenda visisaidie. Kama sahani za ndani zimeshalika, hakuna mafuta duniani yatakayoziotesha upya, na hapo ataniambia ukweli ili nijue la kufanya.

Nimezunguka karakana sita za wanachama wako, na neno sijui sijawahi kulisikia hata kwa bahati mbaya. Mmoja aliniambia tatizo ni betri kabla sijazima injini. Mwingine alisema ni mafuta ya gari, akiwa bado anatafuna. Wa tatu aliligonga tairi kwa kiatu, akatikisa kichwa, akanipa pole. Hao ndio mafundi! Mkimpa cheti mtu anayesema hajui, wateja watalizoea neno hilo, na siku moja watawauliza ninyi mbona hamkulisema. Ukumbi mzima utakuwa na kazi ya kujieleza.

3. ALIPIMA MAFUTA INJINI IKIWA INAWAKA.

Hapa naomba uvumilivu wako, maana jambo hili linakugusa. Kwa miaka saba umeipima giaboksi yangu kwa utaratibu wa kiungwana: gari limezimwa, kimya kimetanda, unachomoa kijiti cha kupimia, unakifuta kwenye paja la suruali, unakichovya, unakitazama kwenye mwanga, unasema imejaa. Na kweli ilikuwa imejaa. Kijiti kilikuwa kimelowa mpaka juu.

Mkwe wangu akaniambia niliendeshe gari mpaka sokoni na kurudi ili lipate moto. Akaliacha linaunguruma pale uani, akaniambia nikanyage breki na kupitisha gia zote moja baada ya nyingine, nirudishe kwenye gia ya kuegesha, ndipo akapima. Kijiti kikatoka kikavu. Kilikuwa na ulowevu kidogo nchani tu. Akanieleza kwamba gari langu likizimwa, mafuta yanateremka kutoka juu yanajaa bakuli la chini, na kijiti kinadanganya. Likiwaka, mafuta yanapanda kufanya kazi, na hapo ndipo upungufu unaonekana. Kwa hiyo giaboksi yangu ilikuwa na kiu miaka yote ile, nasi tunaitazama tunasema imeshiba.

Nilimkatalia. Nilimwambia kwamba Mwenyekiti wa Umoja mzima hawezi kukosea jambo dogo namna hiyo. Hakubishana na mimi. Alikifuta kijiti kwa kitambaa safi akanipa mkononi. Ndugu Mwenyekiti, imeandikwa kwenye kijiti chenyewe. Wenye kiwanda wamechonga pale, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka, kwamba upimaji ufanyike injini ikiwa moto na inawaka. Wewe umezifuta herufi hizo kwa suruali yako miaka saba. Nami, mtu niliyelipwa mshahara maisha yangu yote kwa kusoma maandishi madogo, nilikuwa nimesimama kando nakushikia kofia. Niliona aibu, na aibu ile nahesabu kuwa ni madhara aliyonisababishia yeye.

4. ALITOA FILTA ISIYO YANGU.

Katika ofisi yako, nyuma ya mlango, kuna msumari, na kwenye msumari huo kuna filta nyeusi ya pembe nne, imechanika pembe ya kushoto. Naifahamu kwa sura. Mara ya kwanza ulipobadilisha filta ya giaboksi yangu, uliniletea hiyo umeishika kwa vidole viwili, ukaniambia tazama mwenyewe kilichokuwa kinaliua gari lako. Nilishtuka sana. Miaka mitatu baadaye ukabadilisha tena, ukaniletea tena filta iliyotoka, nayo ilikuwa imechanika pembe ya kushoto. Nikajisemea, gari hili lina tabia ya kuchana filta zake upande mmoja.

Jirani yangu mshona nguo ana gari la aina nyingine kabisa, nalo ulilihudumia. Yeye naye alionyeshwa filta iliyotoka kwenye giaboksi yake. Sasa mshona nguo mchano kwake ni kama uso wa mtu, akiuona mara moja hausahau. Aliniambia kuwa ule mchano una urefu wa nusu ya kidole, unapinda kidogo mwishoni, na kwamba alitamani kuushona palepale. Tulipolinganisha tukagundua kuwa tumewahi kuonyeshwa filta moja.

Wengine wangekasirika. Mimi niliguswa. Niliona jinsi Umoja wenu unavyotuunganisha wateja, kila mtu na gari lake lakini filta yetu moja. Filta ambayo imetoka kwenye magari ishirini bila kuingia hata kwenye moja, hiyo ni filta yenye historia.

Mkwe wangu yeye alilala chini ya gari. Nilisimama uani nikiangalia miguu ya mke wa mwanangu ikitokeza chini ya Shangazi, jambo ambalo sikufundishwa popote namna ya kulikabili. Nikaingia ndani kwa heshima. Nikaitwa nirudi kushika tochi, kwa sababu chini kule kulikuwa na giza na mume wake yuko safarini. Nikashika tochi, mimi baba mkwe mzima, nimechuchumaa, naambiwa baba sogeza kidogo kushoto, hapohapo, asante.

Akanionyesha bolti kumi na tatu zinazoshikilia bakuli la chini la giaboksi. Kila bolti ilikuwa na tone la rangi ya njano, alama ya kiwandani, haijavunjwa hata moja. Alisema bakuli hilo halijawahi kufunguliwa tangu gari litengenezwe, na filta iko ndani ya bakuli, kwa hiyo haiwezekani filta ilibadilishwa. Hakutaja jina la mtu. Hata nilipomchokoza hakutaja. Alifungua, akakinga mafuta kwenye beseni, akashusha bakuli, akachomoa filta bapa yenye umbo la kandambili, imeziba kwa tope zito, akaiweka kwenye gazeti juu ya meza yangu ya kulia chakula. Ndani ya bakuli kulikuwa na sumaku ndogo imevaa unga wa chuma laini kama masizi. Akaipangusa, akautazama ule unga kwa muda mrefu, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Hapakuwa na vipande. Alisema huo ni uzee wa kawaida, na kwamba sasa ana matumaini kidogo.

Nilimweleza habari za filta ya ukutani. Akaniuliza ina mikunjo ya karatasi? Ndiyo, ina mikunjo. Akainamisha uso akafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi, akasema kwa maelezo hayo itakuwa ni filta ya hewa, ambayo hukaa juu kwenye injini na haihusiani kabisa na giaboksi. Kwangu mimi hii ya kandambili siitambui. Sijawahi kuonyeshwa.

5. ALIBADILISHA MAFUTA, TENA MARA TATU.

Ni wewe uliyenifundisha kwamba giaboksi ya gari la zamani ikishauzoea uchafu wake isiguswe, kwa kuwa ukiibadilishia mafuta inakufa. Elimu hiyo niliipokea kwa moyo wote mpaka nikaihamishia nyumbani. Mke wangu alipotaka tubadilishe godoro nilimwambia mgongo wangu umeshalizoea, usije ukaniua.

Mkwe wangu hakuicheka hofu hiyo. Hilo nakiri. Alisema ina chanzo chake: watu wengi hukumbuka mafuta siku ambayo giaboksi imeshakata roho, na ikizimika kesho yake wanasema mafuta mapya ndiyo yaliyoiua. Kwa hiyo yeye ataenda taratibu. Alipima kwa jagi mafuta yaliyotoka, akarudisha kiasi kilekile cha mafuta mapya, ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, halafu akaongeza kidogokidogo, injini ikiwaka, mpaka kijiti kikaridhika. Akaniambia niendeshe wiki moja. Akarudi Jumapili ya pili, akakinga tena, akajaza tena. Jumapili ya tatu vilevile.

Mafuta ya kwanza yalitoka meusi, yananuka kama mpini wa sufuria ulioungua. Ya pili yalikuwa ya kahawia. Ya tatu yalikuwa na wekundu unaoonekana. Aliyatia kidogokidogo kwenye chupa tatu, akaziandika tarehe, akazipanga dirishani pangu ili nione mwenyewe. Mgeni yeyote akija mke wangu anamsimamisha pale dirishani kwanza. Chupa ya kwanza ameipa jina langu.

6. GARI LINARUDI NYUMA.

Hili ndilo limevuruga mtaa. Lango letu ni jembamba, na kwa miaka minne Shangazi aliingia kwa pua na hakuweza kutoka mwenyewe. Kila asubuhi nilipiga honi mara mbili, wakatoka majirani wanne kunisukuma: mshona nguo na futi yake shingoni, mwalimu wa hesabu, mwenye duka la madaftari, na mama mmoja muuguzi ambaye ana nguvu kuliko hao watatu wakijumlishwa. Tulikuwa tunaonana. Nilijua nani hakulala vizuri, nani kagombana na nani. Walikuwa wananisema sana, lakini walikuwa wananisemea usoni.

Asubuhi ya Jumatatu baada ya ile Jumapili ya pili nilitia rivasi kwa mazoea tu, mkono ukielekea kwenye honi. Gari likarudi. Halikuuliza kitu. Liliteleza taratibu mpaka barabarani, nami nimekaa mdomo wazi, nikasahau kushika usukani, tukapiga kidogo pipa la taka la mwenye duka. Majirani walikuwa wameshatoka na mikono mbele. Walisimama pale, mikono haina pa kwenda. Mshona nguo alinipungia kama mtu anayesindikiza meli.

Tangu siku hiyo hatuonani. Mwalimu wa hesabu ameanza kunenepa. Naomba Umoja ujibu: ni nani atakayewasukumisha watu hawa?

7. SINA TENA SABABU.

Ndugu Mwenyekiti, wewe ni mwanamume mwenye familia, utanielewa. Ukoo wetu unapenda vikao. Kuna kikao cha kupanga kikao. Kwa msaada wa giaboksi mbovu nilikosa vikao kumi na moja mfululizo, na kila nilipokosa niliombewa dua. Nilikuwa mtu wa kuhurumiwa. Shemeji yangu mmoja, dada wa mke wangu, anayeongea bila kuvuta pumzi, sikuwa nimemtembelea tangu rivasi ilipokufa, naye alikuwa ananitumia salamu za pole.

Sasa mke wangu amempigia kila mtu simu. Wiki hii pekee nimeshakwenda kwa shemeji mara mbili na kwenye kikao cha ukoo mara moja. Wamenichagua katibu. Nilijaribu kusema gari lina kasoro, mke wangu akasimama mbele ya watu wote akaeleza tofauti ya mafuta meusi na mekundu, akataja hadi sumaku. Walimpigia makofi.

8. ALIIAMINI SABABU YANGU.

Hili ndilo kubwa, na nimeliweka mwisho kwa kuwa kalamu inakuwa nzito.

Siku mwanangu alipomleta nyumbani kumtambulisha, nilimuuliza binti huyu kama akishaolewa ataacha spana. Alinijibu kwa adabu kabisa, akaniuliza kama mimi nilipooa niliacha kalamu. Wote walicheka. Mke wangu alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi sikucheka, na jibu lile nililitia moyoni nikalifungia humo.

Walipooana wakahamia kule juu kilimani, nyumba ya mwisho. Nilialikwa. Nikasema giaboksi haipandi kilima. Nikaalikwa tena, nikasema vilevile. Walipotaka kuja kunichukua nilisema mimi sisafiri kwa gari la mtu. Miaka miwili, Ndugu Mwenyekiti. Kila mtu katika familia alijua kwamba kinachokataa kupanda si gari. Mwanangu alijua, akawa ananisalimia kwa kifupi. Mke wangu alijua, akaniambia, kwa maneno ambayo sitayaweka kwenye barua ya kiofisi.

Yeye peke yake alichukua neno langu kama lilivyo. Kama baba amesema tatizo ni giaboksi, basi ni giaboksi. Akaja na jeki. Jumapili tatu alilala kwenye saruji ya uani pangu, mafuta meusi yanamdondokea kwenye kiwiko, ananiita baba, ananishukuru kwa kushika tochi. Sijui kama aliniamini kweli au alinisitiri. Nimeliwaza jambo hilo mpaka nimechoka, na kumuuliza nimeogopa.

Basi Jumapili iliyopita sikuwa tena na kisingizio, nikapanda. Gari lilibadilisha gia kwa ulaini kiasi kwamba mke wangu alisinzia. Nikafika juu. Pembeni ya nyumba yao kuna kiwanja kimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, kitupu, kimefagiwa. Kwa jinsi walivyobanana wangeweza kupanda mboga pale. Nikamuuliza mwanangu kiwanja kipana namna ile ni cha nini, wakati wao hawana gari. Akaniambia ni maegesho yangu. Waliyapima mwaka wa kwanza. Mkewe ndiye aliyetaka yawe mapana hivyo, kwa sababu alisikia gari la baba halirudi nyuma, akasema tumwachie baba nafasi ya kugeuzia ili asipate tabu akitaka kuondoka.

Niliegesha. Nilikaa ndani ya gari muda kidogo, nikajifanya natafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni. Nililia, Ndugu Mwenyekiti. Sikulia kwa namna ya kupendeza. Mtu wa umri wangu kulizwa na maegesho ni madhara ambayo hakuna Umoja wa mafundi unaopaswa kuyafumbia macho.

Kwa hayo yote, naomba wajumbe waamue kama ifuatavyo:

(a) Mkwe wangu asipewe cheti, wala sasa wala baada ya miaka mitano, ili hadhi ya wanaosikiliza gari kutoka hatua tatu ilindwe.

(b) Mafuta yangu meusi yarudishwe kwenye giaboksi. Anayo, ameyahifadhi kwenye dumu lenye lebo, kwani yeye hamwagi mafuta machafu kwenye mtaro kama ilivyo desturi ya wanachama wenu.

(c) Rivasi iondolewe, na majirani wanne warejeshewe asubuhi zao.

(d) Filta iliyoko kwenye msumari nyuma ya mlango wako itiwe kwenye gari langu. Umeshaniambia mara mbili kwamba ni yangu. Nadhani sasa ni wakati muafaka iingie, angalau mara moja.

Mwisho, nisalimie wajumbe wote mmoja mmoja, mafundi wa karakana zote sita nilizozitaja, yule aliyesema ni betri na yule aliyekuwa anatafuna, mpe pole aliyeligonga tairi kama kiatu kilipata athari. Msalimie karani wenu kwa namna ya pekee, na watoto nyumbani. Kama utapita ofisini kabla ya kikao, nisalimie na filta.

Wako katika kutafuta haki,

Karani mstaafu wa mahakama,
katibu mpya wa ukoo (bila kutaka),
mwenye gari la rangi ya maziwa.

N.B. Nisamehe kwa kuongeza. Nilipokuja ofisini kwenu Jumatatu kuuliza taratibu, nilikuwa nimeshika barua nyingine, ya ukurasa mmoja tu, ya kumsifu mkwe wangu. Karani wenu alinieleza kwamba barua za sifa huwekwa kwenye faili na hazisomwi kikaoni. Zipo nne zilizoandikwa na wateja wake katika yale maombi mawili ya kwanza, nami nimeziona kwa macho yangu, bahasha hazijafunguliwa. Pingamizi ndilo, kwa kifungu cha tisa cha kanuni zenu, lazima lisomwe na Mwenyekiti mwenyewe, kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya wajumbe wote na wateja watakaohudhuria, pamoja na chochote kilichoongezwa chini ya sahihi. Nikarudi nyumbani, nikachana ile ya sifa, nikaandika hii.

Kwa hiyo nakuomba Jumamosi usome polepole, hasa namba tatu na namba nne. Nakala ya pili anayo karani wenu na ameshaigonga muhuri, ili ukikosea mstari akusaidie. Majirani zangu wanne watakuwepo, mshona nguo ameahidi kuja na futi. Filta ya kandambili nitaibeba mimi, ingali kwenye gazeti lake. Ile ya msumarini njoo nayo wewe. Tukimaliza kuzilinganisha, naomba mumpe binti yangu cheti chake.

Nitafika mapema. Najua pale mlangoni kwenu nafasi ni finyu, na siku zote mmekuwa mkitoka nje kunisukuma. Safari hii kaeni tu kwenye viti. Nitaingia kwa rivasi.